Kizimba cha Mpangaji

Mama Kifungo aliosha mabasi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Mabasi yaliingia yadini yakiwa na vumbi, maganda ya machungwa, na mara nyingine matapishi ya abiria. Yeye na wenzake waliyafagia na kuyapiga deki. Kisha walimwaga dawa nyeusi yenye harufu kali. Ukiitia majini, dawa ile hugeuka nyeupe kama maziwa.

Msimamizi wao walimpa jina la Bwana Pua. Bwana Pua hakupanda ndani ya basi kukagua. Alisimama mlangoni, akaingiza kichwa, akavuta pumzi.

"Hili halinuki dawa," alisema. "Rudieni."

Basi likinuka mpaka macho yatoe machozi, alitabasamu.

"Hapo sawa. Hilo limetakata."

Kwa hiyo waosha mabasi walikuwa na desturi yao. Hawakusuuza. "Ukisuuza, umejichosha bure," waliambiana. Waliiacha dawa ikauke yenyewe sakafuni, ili harufu ibaki. Mama Kifungo aliifanya kazi hiyo kwa moyo, naye alizoea hivyo. Kwake yeye, kitu kisafi ni kitu kinachonuka dawa.

Nyumbani walikuwa wanne. Mume wake alikuwa mwoka mikate. Alitoka kazini asubuhi, nywele zikiwa nyeupe kwa unga. Binti yao mdogo alikuwa ameanza kutambaa. Walimwita Kifungo kwa sababu alikuwa mviringo na hakuacha kuokota vitu sakafuni. Wa nne alikuwa Bibi, mama wa mume.

Na alikuwapo kobe.

Kobe huyo alikuwa wa Bibi. Bibi alikuwa naye tangu alipokuwa bibi arusi. Alimwita Mpangaji.

"Amekaa kwangu miaka yote hii," Bibi alipenda kusema, "na kodi hajalipa hata siku moja. Lakini simfukuzi. Hanisengenyi."

Mpangaji alikaa katika kizimba cha mbao, ukumbini, karibu na mlango wa jikoni. Macho ya Bibi yalikuwa na ukungu. Hakuona vizuri. Lakini kila asubuhi aliinama, akamshika Mpangaji kwa mikono miwili, akambusu gambani. Kisha alimbeba mjukuu wake kwa mikono ileile.

Hakuna aliyeona ubaya wake.

Siku moja Bibi alipata nafasi ya kupasuliwa macho. Hospitali ilikuwa katika mji mwingine, alikokaa binti yake mkubwa. Kabla ya kuondoka, alimwita mke wa mwanawe.

"Mwanangu, mwanaume huyu simwachii kitu," alisema, akimwonyesha mwoka mikate kwa kidole. "Anaweza kusahau hata kichwa chake tanurini. Mpangaji nakuachia wewe. Ni amana."

"Nimepokea, Mama. Nenda salama. Mungu atamlinda."

"Mungu atamlinda, na wewe umpe maji," Bibi alisema.

*

Bibi alipoondoka, Kifungo aliugua. Alihara, akapata homa, akalia mpaka sauti ikakauka. Mama yake alimfunga mgongoni, akakimbia naye zahanati. Njiani midomo yake haikuacha kuomba. "Ee Mungu, huyu mmoja tu. Huyu mmoja tu."

Tabibu alimtibu mtoto. Alimpa maji ya chumvichumvi na sukari kwa kijiko. Kisha aliuliza mambo mengi. Mnakunywa maji gani? Mmekula nini? Nyumbani kuna mnyama?

"Kuna kobe wa mama mkwe."

Tabibu aliweka kalamu chini.

"Kobe, mjusi na nyoka hubeba vijidudu tumboni," alisema. "Vinaitwa salmonela. Wao haviwaumizi. Unamwona ni mzima, anakula, anatembea. Lakini vijidudu vinatoka na kinyesi. Vinakaa gambani, vinakaa kizimbani, vinakaa mikononi mwako. Mtoto mdogo vinamwangusha. Siwezi kuapa kwamba ndivyo vilivyomshika huyu. Lakini safisheni kizimba. Mtoto asifike pale."

Kifungo alianza kupata nafuu. Lakini hofu haikumtoka mama yake. Kila alipotazama sakafu, aliona kama inatambaa vijidudu. Alimwambia mumewe maneno ya tabibu.

"Mimi nimekua na kobe huyu," mumewe alisema. "Nilimpanda mgongoni kama farasi. Mbona sikufa?"

"Hukufa. Lakini mtoto wangu amenusurika juzi. Nifanye nini?"

"Tumtoe basi. Tumpe mtu."

"Amana ya mama yako? Akirudi nimwambie nini? Mpangaji amehama?"

Mumewe alijikung'uta unga nywelini. Mwishowe alisema, "Wewe ndiye mtaalamu wa kusafisha. Safisha."

Neno hilo lilimwingia. Kweli, kusafisha ndiyo kazi yake. Kesho yake aliomba dawa kidogo yadini. Mwenzake alimmiminia katika chupa ya soda. Chupa haikuwa na karatasi wala maandishi.

Jioni alimwaga dawa ile kizimbani. Hakuipima. Hakuondoa majani makavu wala kinyesi kilichogandia kwenye kona. Aliona dawa kali itavifikia vijidudu huko huko viliko. Mpangaji alikuwa ndani. Alisogezwa tu upande huu, kisha upande ule. Kizimba hakikusuuzwa. Harufu ilijaa ukumbi mzima.

"Asante Mungu," Mama Kifungo alisema, akavuta pumzi kama Bwana Pua. "Sasa pamekuwa safi."

Alirudia kesho yake, na kesho kutwa. Kila harufu ilipopungua, hofu ilirudi. Kila hofu iliporudi, aliongeza dawa.

*

Simu iliita. Alikuwa Bibi.

"Wamenifungua jicho moja, mwanangu! Nimeona vidole vyangu. Kumbe nimezeeka hivi, na ninyi mmenyamaza tu! Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo, Mama. Alihara kidogo, sasa anacheza."

"Mungu ashukuriwe. Na Mpangaji?"

Mama Kifungo aligeuka, akatazama kizimba. Siku ile Mpangaji hakuwa amegusa tango lake. Kichwa kililala juu ya mbao. Macho yalikuwa yamevimba na kufumba. Mdomo ulikuwa wazi, na ute ulitoka.

"Hajambo, Mama," alijibu.

Neno lilitoka lenyewe. Ndivyo ulimi ulivyozoea. Lakini alipoweka simu, neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alipiga magoti mbele ya kizimba. Alimgusa Mpangaji mguu. Zamani mguu ungerudi ndani ya gamba mara moja. Sasa haukurudi. Ulilegea tu.

"Baba Kifungo! Njoo! Mpangaji anakufa!"

Mumewe alitoka chumbani mbio, bado na usingizi. Alitazama, akashika kichwa.

"Atakuwa ameugua vijidudu vyake mwenyewe," alisema.

"Basi niongeze dawa?"

Alikwisha kushika chupa ya soda. Mkono ulikuwa juu. Halafu alisita. Hakujua kwa nini. Labda ni kwa sababu kobe, aliposikia harufu ile, aligeuza kichwa. Hakuwa na nguvu za kitu kingine, lakini kichwa alikigeuza.

Mama Kifungo aliweka chupa chini.

"Sijui ninachofanya," alisema polepole. "Mume wangu, mimi sijui. Twende kwa anayejua."

*

Daktari wa mifugo alikuwa na chumba nyuma ya duka la chakula cha kuku. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye buti za mpira na sauti ya kuita ng'ombe. Mwoka mikate aliweka kizimba juu ya meza; mkewe alikuwa na Kifungo mgongoni. Daktari aliinama, kisha akarudi nyuma, akapiga chafya.

"Mmeniletea kobe au mmeniletea choo cha stesheni?"

Mwoka mikate alicheka. Mkewe hakucheka. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Daktari, ni amana ya mkwe wangu. Tafadhali."

Daktari aliacha utani. Alimtoa Mpangaji kizimbani haraka, akamweka katika beseni tupu. Alimwagia maji ya uvuguvugu gambani, miguuni na tumboni, tena na tena. Macho aliyasafisha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, tone kwa tone.

"Huwa natibu ng'ombe na mbuzi zaidi," alisema. "Kobe si wengi wanaonijia. Ngoja nimuulize mwenzangu."

Alipiga simu, akaeleza, akasikiliza. Mama Kifungo alimtazama usoni kama mtu anayesubiri hukumu. Daktari alipomaliza, aliuliza, "Mnatumia dawa gani?"

Mama Kifungo alitoa chupa ya soda kwenye mkoba.

"Nisomee imeandikwaje."

Mama Kifungo alikuwa anasoma kisomo cha jioni mwaka ule. Sasa aliweza kusoma vibao vya mabasi na majina ya maduka. Aliigeuza chupa upande huu na upande ule.

"Haina maandishi, Daktari."

"Ndiyo ajabu ya kwanza. Nyumbani mnaiweka wapi?"

"Chini ya meza."

"Na mtoto anatambaa?"

Mwoka mikate alimtazama mkewe. Mkewe aliitazama chupa. Ilikuwa chupa ya soda, na ndani yake dawa nyeusi kama soda. Kifungo huokota kila kitu. Kila kitu hukipeleka mdomoni.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Nilikuwa nakimbia kijidudu, nikaweka sumu chini ya meza."

"Hujachelewa," Daktari alisema, sasa kwa upole. "Kaa, mama. Nitakueleza."

Alifungua dirisha, akaketi juu ya gunia la pumba.

"Dawa nyeusi inayogeuka nyeupe majini mara nyingi ina kitu kinaitwa fenoli. Kwenye choo cha stesheni ni sawa. Kwa kobe, mjusi na nyoka ni sumu. Wanaivuta puani, inawachoma macho, inapita hata kwenye ngozi. Wewe ulikuwa ukiisuuza?"

"Hapana. Nikisuuza, harufu itaondoka."

"Harufu ndiyo dawa yenyewe, mama. Harufu ikibaki, sumu imebaki. Na yeye analala juu yake usiku kucha."

"Basi mimi ndiye niliyemuua."

"Hajafa. Tena ulimwaga juu ya kinyesi, sivyo? Nakiona hapa kwenye kona. Dawa haipenyi uchafu. Ni kama kupaka chokaa juu ya matope. Kwa hiyo vijidudu viliishi, na kobe ndiye aliyeumia."

Mwoka mikate alikohoa. "Daktari, mimi nilimpanda kobe huyu utotoni. Sikuugua."

"Baba, kuna watu wanavuka barabara bila kutazama, na wanafika. Je, mtoto wako utamfundisha avuke hivyo?"

"Aa. Hapana."

"Basi."

Mama Kifungo alifuta uso. "Sasa nitumie dawa ipi?"

"Dawa nzuri inaua kijidudu, kisha ukiisuuza inaondoka. Nunua klorini ya kawaida, ile ya kung'arisha nguo nyeupe. Isiwe na manukato. Nunua kwenye chupa yake, yenye maandishi. Kikombe kimoja cha klorini, vikombe thelathini vya maji. Zipo pia dawa zinazouzwa kwa ajili ya vizimba vya wanyama. Hizo nazo ni nzuri, ukifuata maandishi yake. Lakini kabla ya dawa, sabuni. Mtoe kobe kwanza, mweke mbali. Toa majani, toa kinyesi. Sugua kwa sabuni na maji ya moto mpaka uone kumetakata. Uone kwa macho, siyo kwa pua. Suuza. Hapo ndipo umwage klorini. Iache ikiwa majimaji dakika kumi. Kisha suuza sana, anika juani, mpaka kusiwe na harufu yoyote. Kobe arudi kikiwa kikavu."

"Na nikichanganya klorini na dawa ya chooni, si itakuwa na nguvu zaidi?"

"Usithubutu!" Daktari alisimama. "Klorini haichanganywi na kitu isipokuwa maji. Si siki, si dawa ya chooni, si dawa nyingine yoyote. Inatoa hewa inayochoma mapafu. Hata mkojo wa mnyama ukiwa mwingi ni hatari. Ndiyo maana uchafu unatoka kwanza. Fanyia nje, penye upepo, uvae glavu."

Aligonga kizimba kwa kidole.

"Na mbao hizi zimeshakunywa sumu. Zinakunywa mkojo pia. Hakitakati tena hiki. Mtafutie kreti kubwa ya plastiki, au mjengee uani. Karibu na jikoni hapana. Brashi yake iwe yake. Beseni lake liwe lake. Maji yake yasimwagwe kwenye sinki la vyombo. Na kila anayemgusa, anawe mikono kwa sabuni papo hapo. Nawaambia ukweli: madaktari wengi hushauri nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano isiwe na kobe kabisa. Kama lazima akae, basi mtoto asimguse, wala asifike kwake."

"Atapona?" Mama Kifungo aliuliza.

Daktari hakumdanganya.

"Sijui. Mweke penye joto na hewa safi. Mwogeshe kwenye maji machache ya uvuguvugu, kichwa kiwe juu. Akifumbua macho, tuna matumaini. Akila, tumevuka."

*

Dawa ya yadi waliiacha kwa Daktari, aitupe anapojua yeye. Njiani Mama Kifungo aliingia dukani. Alichukua chupa ya klorini. Alisimama pale pale, akasoma kwa kidole, herufi kwa herufi. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake.

"Mama, unanunua au unasali?" mwenye duka aliuliza.

"Yote mawili," alijibu, akaendelea kusoma.

Mumewe aliomba kreti kubwa pale alipofanya kazi, ile ya kubebea mikate, iliyokuwa na ufa. Aliiweka uani, akaizungushia wavu ili Kifungo asipite. Mama Kifungo aliisugua kwa sabuni, akaisuuza, akapima klorini kwa kikombe. Kikombe hicho alikichora alama nyekundu, kisiingie tena jikoni. Alisubiri. Alisuuza. Alisuuza tena. Kisha aliinama, akanusa. Kreti haikunuka kitu. Moyo wake ulishtuka. Kwake, kutonuka kulikuwa uchafu. Alijizuia asikimbilie dawa. Alifumbua macho, akatazama kila kona kwenye mwanga wa jua. Palikuwa peupe.

Mpangaji hakula. Kesho yake hakula. Mama Kifungo alimwogesha, akamwombea, akanawa mikono mpaka ngozi ikakauka. Mumewe alirudi kutoka kazini na mikate, naye akaenda uani kwanza, kabla ya chai.

"Vipi?"

"Bado."

Siku iliyofuata, Mama Kifungo aliweka jani laini mbele ya kobe na kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakutarajia kitu. Jicho moja lilifumbuka. Lilikuwa jeusi na lenye maji. Lilimtazama. Shingo ilinyooka kidogo, kama mzee anayeamka. Kisha Mpangaji alilimega jani kwa mdomo wake, polepole, kana kwamba hakuna mtu duniani mwenye haraka.

Mama Kifungo alilia kwa sauti. Mumewe alidhani kobe amekufa. Alitoka mbio na kiatu kimoja.

"Anakula!" mkewe alisema. "Mtazame, anakula!"

*

Bibi alirudi na miwani mieusi na mizigo mitatu. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja ukumbini, karibu na mlango wa jikoni.

"Mpangaji yuko wapi?"

"Yuko uani, Mama."

Bibi alitoka uani. Alivuta pumzi, mara ya kwanza, mara ya pili. Uso ulibadilika.

"Mbona hapanuki dawa? Si wewe huniambia kitu kisafi hunuka dawa? Mwanangu, nilikuachia amana, na kizimba hujakisafisha?"

Mama Kifungo alimshika mkono.

"Mama, vua miwani utazame. Sasa una macho."

Bibi alivua miwani. Alitazama kreti. Hapakuwa na doa. Hapakuwa na jani lililooza. Maji kwenye sahani yalikuwa safi. Mpangaji alikuwa katikati, ametoa kichwa.

"Kumbe ana madoa ya manjano gambani," Bibi alisema taratibu. "Nilikuwa nimesahau."

"Mama, siku ile uliniuliza, nikakujibu hajambo. Nilikudanganya. Alikuwa taabani. Mimi ndiye niliyemuumiza, kwa dawa kali niliyoiacha inuke. Nisamehe."

Akamweleza yote. Ugonjwa wa Kifungo, chupa ya soda, Daktari, kikombe chenye alama. Bibi alisikiliza bila kumkatiza. Mwishowe aliinama, akamwinua Mpangaji kwa mikono miwili, akamsogeza mdomoni ambusu, kama siku zote.

"Mama, usimbusu. Tafadhali."

Mwoka mikate alikodoa macho. Hakuna aliyewahi kumkataza Bibi kitu chochote.

Bibi alibaki na kobe hewani. Alimtazama kobe. Alimtazama mke wa mwanawe. Nyuma ya wavu, Kifungo alikuwa amesimama kwa mara ya kwanza, ameshika nguzo, akimnyooshea bibi yake mkono mmoja abebwe.

Bibi alimrudisha Mpangaji katika kreti, taratibu.

"Umesikia, Mpangaji?" alimwambia. "Sheria za nyumba zimebadilika. Mwenye nyumba mpya ni mkali."

Kisha alinyoosha mikono yake mitupu mbele.

Mama Kifungo alileta sabuni na jagi la maji. Alimmiminia mama mkwe wake maji mikononi, na Bibi alisugua kiganja, vidole, mpaka chini ya kucha. Alipomaliza, aliinua mikono puani, akanusa.

"Haina harufu," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Basi niletee mjukuu wangu."